Allidina Visram: Kijana wa Bagamoyo aliyetandaza maduka hadi mto Nile

MGONJWA anayelazwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, huenda akaelekezwa katika jengo la Sewahaji. Mwanafunzi anayechaguliwa kujiunga na moja ya shule kongwe za sekondari mjini Mombasa huenda akajikuta Allidina Visram. Majina hayo mawili hutamkwa kila siku katika nchi mbili, na wengi wanaoyatamka hawajui kwamba yalikuwa majina ya watu, seuze kwamba watu hao walifahamiana na kufanya kazi chini ya paa moja la biashara huko Bagamoyo, katika karne ya 19.

Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri. Allidina Visram alikuwa mfanyakazi wake. Tajiri alijulikana pwani nzima kwa kuandaa misafara ya kwenda bara. Mfanyakazi alikuja kumpita, akawa na maduka kuanzia Unguja na Bagamoyo hadi Ujiji, Kisumu, Kampala na kaskazini zaidi, ambako mto Nile unaingia Sudan Kusini.

Miongo mingi kabla wakazi wa miji ya Afrika Mashariki hawajazoea kusukuma vitoroli ndani ya maduka makubwa yenye matawi kila mji, mtu huyu alikwishafungua matawi katika sehemu ambazo hata barabara hazikuwapo. Wazungu wa enzi zake walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Hata hivyo, ufalme huo haukudumu. Miaka michache baada ya kifo chake, maduka yake yalikuwa yamekwisha.

Kutoka Kutch hadi pwani ya Waswahili

Kwa mujibu wa kumbukumbu za jamaa wa dini yake, Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, katika nchi ya Kutch, magharibi mwa India. Wazazi wake walikuwa Makhoja wa madhehebu ya Ismailia. Kutch ni nchi kame. Mvua ikikosekana mwaka mmoja, wakulima hutaabika. Ikikosekana miaka miwili mfululizo, vijana hufunga virago na kuelekea bandarini. Kwa vizazi vingi, vijana hao walipanda majahazi na kuisubiri kaskazi iwasukume hadi Unguja.

Allidina alikuwa miongoni mwao. Alivuka bahari mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, bila mali yoyote. Unguja ilikuwa chini ya Sultani Majid bin Said. Dar es Salaam haikuwa mji. Sultani huyo ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuifikiria. Mji wenye pilikapilika upande wa Mrima ulikuwa Bagamoyo, na huko ndiko kijana alikoelekea.

Wahindi hawakuwa wageni katika pwani hiyo. Ndio waliokuwa wakikopesha fedha na bidhaa kwa wenye misafara, na mmoja wao ndiye aliyekusanya ushuru wa forodha kwa niaba ya Sultani. Mtoto aliyetoka Kera bila kitu hakukosa pa kulala, kwani kwa desturi ya jamaa yake mgeni wa aina hiyo alipokewa dukani, akafagia, akafungua marobota ya nguo, akapima na kuhesabu, akala pamoja na wenye nyumba na kulala nyuma ya duka. Mshahara wake mkubwa ulikuwa kujifunza kazi.

Bagamoyo, shule ya biashara

Bagamoyo ya wakati huo ilikuwa mlango wa bara. Misafara kutoka Tabora na Ujiji ilishukia hapo ikiwa na pembe za ndovu, nta, ngozi na sandarusi. Ilipogeuza kurudi bara ilibeba amerikani na kaniki, shanga, masango ya shaba, chumvi na baruti. Mizigo yote ilikwenda mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, waliotembea majuma mengi juani na mvuani.

Mji huo ulikuwa pia na sura yake ya giza. Biashara ya watumwa ilikuwa ikiendelea waziwazi wakati Allidina alipofika, na ilichukua miaka 10 zaidi kabla soko la Unguja halijafungwa, mwaka 1873. Hakuna mfanyabiashara wa pwani wa kipindi hicho aliyeweza kufanya kazi mbali kabisa na kivuli hicho, maana njia zilikuwa zile zile na bandari zilikuwa zile zile.

Katika mazingira hayo ndipo Allidina alipofanya kazi na Sewa Haji Paroo, mzaliwa wa Unguja, ambaye biashara yake ilikuwa ni kuandaa safari za watu wengine. Mzungu aliyetaka kwenda bara, awe mpelelezi, mmisionari au askari, alifika kwa Sewa Haji akapatiwa wapagazi, nguo za kubadilishana na chakula cha njiani. Henry Morton Stanley alikuwa miongoni mwa wateja wake.

Kazi hiyo ilimfunza Allidina mambo mawili ambayo aliyatumia hadi mwisho wa maisha yake. La kwanza ni kwamba faida kubwa haikuwa pwani, ambako wafanyabiashara walibanana, bali kule ambako bidhaa zilikuwa adimu. La pili ni kwamba mtu hawezi kuwa mahali pote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anahitaji watu wa kuaminika wa kumwakilisha.

Tangu hapo alianza kusafirisha misafara yake mwenyewe. Lakini alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya kwa kiwango chake. Badala ya kungojea msafara urudi pwani na mali, aliacha mtu na duka njiani. Alifungua maduka Saadani, Dar es Salaam, Tinde na Ujiji. Msafara uliopita uliweza kununua na kuuza hapo hapo, na wenyeji wenye asali, nta au nafaka hawakulazimika kusubiri mfanyabiashara apite mara moja kwa mwaka. Duka lilikuwa wazi masika na kiangazi.

Mwaka 1897 Sewa Haji alifariki dunia. Alikuwa ametoa fedha za hospitali iliyobeba jina lake jijini Dar es Salaam, pamoja na jengo la shule Bagamoyo alilotaka lipokee watoto bila kujali rangi wala dini. Allidina, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 30, alibaki kuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa njia za misafara. Wengine wangeridhika. Yeye alitazama kaskazini.

Kuelekea Uganda

Sababu za kutazama huko zilikuwa wazi kwa mtu anayejua hesabu. Wajerumani walikuwa wamehamishia makao yao makuu Dar es Salaam tangu mwaka 1891, na nyota ya Bagamoyo ilikuwa inafifia. Upande wa Waingereza, ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896, ukilenga Ziwa Victoria. Aliyebaki kwenye njia ya wapagazi peke yake alikuwa anajifungia katika nyumba inayobomoka.

Allidina hakuisubiri reli. Mwaka 1898, wakati vichwa vya treni vilikuwa bado vinahangaika nyikani, yeye alikwishafungua duka Kampala. Ulikuwa wakati wa hatari. Askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Waingereza walikuwa wameasi mwaka 1897, na Kabaka Mwanga alikuwa vitani dhidi ya utawala huo, vita vilivyoishia kwa yeye kukamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni. Bidhaa zilikuwa zikitembea kwa miguu takriban miezi mitatu kutoka pwani. Mwenye duka katika mji kama huo alikuwa anacheza kamari na mali yake, pengine na maisha yake.

Lakini mahali penye vita na utawala mpya pana pia askari wanaohitaji nguo, maofisa wanaohitaji vyakula vya makopo, na wapagazi wanaohitaji posho. Duka la Allidina lilikuwa na vitu hivyo. Kutoka Kampala alisonga mbele Jinja, Entebbe na ngome nyingine za serikali, hadi Nimule na Gondokoro kwenye mto Nile. Kila bendera ya Mwingereza ilipopandishwa, haukupita muda mrefu kabla duka la bati halijasimama jirani yake.

Reli na maduka

Wakati huo huo reli ilikuwa inapanda. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na takriban 2,500 kati yao hawakurudi kwao wakiwa hai. Walihitaji unga, mchele, dengu, samli na viungo, na Allidina alikuwa miongoni mwa waliofungua maduka kuifuata njia hiyo. Kambi ilipohama, duka lilihama. Kambi ilipogeuka kuwa stesheni, duka lilibaki na kuwa kiini cha mji mdogo.

Reli ilifika Kisumu, iliyoitwa wakati huo Port Florence, mwezi Desemba 1901. Safari iliyochukua miezi ikawa ya siku chache, na gharama ya kusafirisha mzigo ikashuka mno. Wafanyabiashara waliokuwa wakitegemea bei za juu za enzi za wapagazi walitetemeka. Allidina alikuwa na maduka pande zote mbili za ziwa, hivyo kushuka kwa gharama kulimpa faida badala ya hasara. Majahazi yake yalivusha mizigo ziwani, na mikokoteni yake iliyokokotwa na maksai iliifikisha kule ambako reli haikufika.

Kufikia mwaka 1904 alikuwa na matawi zaidi ya 30, na katika miaka iliyofuata idadi hiyo iliongezeka mara kadhaa. Makao makuu ya shughuli zake yalikuwa Mombasa, mahali ambapo meli, reli na habari za bei ya ulimwengu vilikutana.

Benki isiyo na jengo

Ili kuelewa uzito wa maduka hayo, ni vyema kukumbuka hali ya fedha nchini Uganda wakati huo. Watu wengi walikuwa wakinunua na kuuza kwa simbi, zile kauri za baharini zilizotungwa kwenye kamba. Kisha ukaja Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uliotoza kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Mkulima asiyewahi kushika rupia alitakiwa kuitoa, na serikali iliyokuwa ikiitaka haikuwa na namna rahisi ya kuisambaza.

Duka la Mhindi ndilo lililoziba pengo hilo. Mkulima alileta ngozi, ufuta, pilipili, pembe au nta, akapewa rupia. Baadhi ya rupia zilikwenda kwa mtoza kodi, na zilizobaki zilirudi dukani kununua kitambaa, chumvi, sufuria au taa. Serikali nayo ilihitaji fedha taslimu vituoni ili kulipa askari na makarani, na mara nyingi ofisa wa bara alipata rupia hizo kwa wakala wa Allidina, huku deni likilipwa pwani. Benki ya kwanza ya kweli, National Bank of India, ilifungua milango yake nchini Uganda mwaka 1906. Kabla ya hapo hati yenye jina la Allidina Visram iliweza kufanya kazi ya benki.

Mtandao wote huo uliendeshwa kwa mkopo. Nyumba za biashara za Mombasa zilimkopesha Allidina, Allidina akalikopesha tawi, tawi likamkopesha mwenye kiduka cha kijijini. Wengi wa wenye viduka hivyo walikuwa vijana aliowaleta mwenyewe kutoka Kutch na Kathiawar, ambao walianza kwa kufagia na kupima kama alivyoanza yeye. Kijana aliyekaa miaka kadhaa bila kuharibu hesabu aliruhusiwa kwenda kujitegemea, akifungashiwa bidhaa za kuanzia. Alilipa kadiri alivyouza. Kwa njia hiyo, duka lililobeba jina la mtu mwingine kabisa huenda kiini chake kikawa ni mali ya Allidina.

Utaratibu huo ulikuwa na nguvu na udhaifu mahali pamoja. Nguvu yake ilikuwa kuaminiana kwa watu wa kijiji kimoja na msikiti mmoja, ambako mdanganyifu hakuwa na pa kujificha. Udhaifu wake ni kwamba nyuzi zote ziliishia katika mkono mmoja. Mdai aliyeko Mombasa hakulijua duka la Nimule, alimjua Allidina.

Kutoka dukani hadi kiwandani

Allidina hakuridhika kuuza vitu vilivyotengenezwa na wengine. Alikuwa na karakana za samani, viwanda vya soda, vinu vya kukamua mafuta ya ufuta na nazi, na kiwanda cha sabuni mjini Mombasa. Nchini Uganda alikuwa na mashamba makubwa, akijaribu mpira, miwa na matunda.

Zao lililobadili historia ya nchi hiyo, hata hivyo, lilikuwa pamba. Mbegu zilisambazwa kwa wingi na kampuni ya Uganda Company tangu mwaka 1903, na machifu wakasukumwa kuwahimiza watu kulima. Mkulima anaweza kuhimizwa apande. Hawezi kuhimizwa avune mwaka wa pili ikiwa mwaka wa kwanza hakupata mnunuzi. Mtandao wa Allidina ulikuwa tayari karibu na mashamba, na uliinunua. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kumalizika alikwishaingia pia katika kazi ya kuchambua pamba, ambayo awali ilishikwa na makampuni ya Wazungu. Wahindi wengine walimfuata, na katika miongo iliyokuja kazi hiyo ikawa mikononi mwao kwa kiasi kikubwa.

Alikuwa pia mtu wa kutoa. Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, alimtunuku cheo cha Varas, yaani waziri. Ukarimu wake haukuishia kwa watu wa madhehebu yake, kwani alichangia ujenzi wa Kanisa Kuu la Namirembe mjini Kampala, shule, hospitali na mfuko wa Msalaba Mwekundu. Wapo waliosema kwamba mfanyabiashara anayemchangia kila mtu ananunua urafiki wa kila mtu. Huenda kulikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo matofali yaliyonunuliwa kwa fedha hizo yalijenga kuta zile zile.

Upande wa pili wa shilingi

Si kila aliyelitazama duka la Mhindi alilitazama kwa furaha. Walowezi wa Kizungu katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya walitumia huduma yake na wakati huo huo wakashinikiza Wahindi wasimilikishwe ardhi katika nyanda za juu. Mwaka 1908 serikali ya London iliafiki kwa vitendo kwamba ardhi hiyo itakuwa ya Wazungu. Mtu aliyekuwa akiwakopesha maofisa wa serikali hakuruhusiwa kununua shamba kilimani kama karani mgeni kutoka Uingereza. Allidina hakuwa mwanasiasa, lakini pamoja na tajiri mwenzake A. M. Jeevanjee alikuwa miongoni mwa vinara wa chama cha Wahindi kilichoundwa Mombasa mwaka 1900.

Waafrika nao walikuwa na hesabu zao. Mwenye duka ndiye aliyepanga bei ya ngozi na pamba, na ndiye aliyepanga bei ya kitambaa. Mizani ilikuwa yake, na daftari la madeni liliandikwa kwa Kigujarati, lugha ambayo mdaiwa hakuweza kuisoma. Duka lilimwingizia mkulima rupia mkononi, lakini ngazi ya kutoka ukulima hadi umiliki wa duka ilibaki ndani ya jamaa moja. Kijana wa Kera alifunzwa kazi na kufungashiwa mali. Kijana wa Busoga alibeba mzigo. Manung'uniko yaliyotokana na hali hiyo yaliendelea kwa miongo mingi, na yalitumiwa kuhalalisha dhuluma ya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia nchini Uganda, wakiwamo wajukuu wa watu waliokuwa bado hawajazaliwa wakati Allidina anafungua mlango wa kwanza Kampala.

Vita na homa

Mwezi Agosti 1914 vita vilizuka Ulaya na kuigawa himaya ya maduka yake. Ujiji, Tinde, Bagamoyo na Dar es Salaam vilikuwa upande wa Wajerumani. Mombasa, Kisumu na Kampala vilikuwa upande wa Waingereza. Mpaka ambao msafara wa Allidina uliwahi kuupita bila kuujali ukawa mstari wa bunduki. Madeni ya upande mmoja hayakuweza kukusanywa kutoka upande wa pili, na bidhaa zilizokuwa njiani hazikufika.

Hata hivyo, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, Allidina hakuacha kusafiri. Alikwenda Kongo kwa shughuli za biashara, na huko akapatwa na homa. Alirejea Mombasa akiwa mgonjwa, na akafariki dunia mjini humo mwezi Juni 1916.

Hakuishi kuona mwisho wa vita. Mwezi Agosti mwaka huo Waingereza waliingia Bagamoyo, mji uliomfunza kazi, na mwanzoni mwa Septemba wakaingia Dar es Salaam. Siku chache baadaye majeshi ya Wabelgiji yaliichukua Tabora. Njia yote ya misafara aliyoipita ujanani ilikuwa imebadili watawala ndani ya miezi mitatu ya kifo chake.

Warithi na kuanguka

Biashara ilirithiwa na mwanawe, Abdulrasul. Kurithi maduka ni jambo moja. Kurithi imani ya watu ni jambo jingine. Mawakala waliokuwa wakimwogopa na kumheshimu mzee hawakuwa na sababu hiyo hiyo kwa kijana. Wengine walikwishasimama kwa miguu yao na walikuwa washindani. Benki zilikuwa zimeenea, na kazi ya kubadili hati na kugawa rupia haikuhitaji tena duka.

Kisha hali ya uchumi ikageuka. Baada ya vita, bei za mazao ziliporomoka duniani kote. Fedha nayo ilivurugwa. Rupia, iliyokuwa sarafu ya eneo hili kwa miongo mingi, ilipandishwa thamani kutoka shilingi moja na peni nne za Uingereza hadi shilingi mbili, ikabadilishwa kuwa florini mwaka 1920, na muda mfupi baadaye ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Aliyekuwa na deni alijikuta deni limekua bila ya kukopa zaidi. Kwa biashara iliyojengwa juu ya kukopa na kukopesha, kipindi kibaya kuliko hicho ni vigumu kukifikiria.

Abdulrasul alifanya jambo moja lililodumu. Alitoa fedha za kujenga shule ya sekondari mjini Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1923, ikiwa kwa ajili ya watoto wa Kihindi. Mwaka huo huo Abdulrasul naye alifariki dunia. Kampuni haikuwa na mtu mwingine wa kuishika, na haikuchukua muda mrefu ikasambaratika. Matawi yaliuzwa, yalifungwa, au yalibaki mikononi mwa wale waliokuwa wakiyaendesha.

Yaliyobaki

Mali ya Allidina ilitawanyika, lakini si maduka yote yaliyofungwa. Wale vijana waliofungashiwa bidhaa waliendelea, wakabadili vibao juu ya milango, wakawaleta ndugu zao. Miaka ya 1920 na 1930 ilishuhudia kizazi kipya cha matajiri wa Kihindi kikiibuka Uganda. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani alianzisha cha Kakira mwaka 1930. Hawa hawakuwa warithi wake kwa damu wala kwa madhehebu, lakini walifanya biashara katika nchi ambayo njia zake za rupia na mizigo alizichimba yeye.

Kwa mkazi wa mji wa leo, habari hii ina mwangwi wa karibu. Mwezi Januari 2020, wadai wa Nakumatt walipiga kura ya kuifunga kampuni hiyo, iliyoanza kama duka la magodoro la familia moja mjini Nakuru na kutandaza matawi hadi Uganda, Rwanda na Tanzania. Ramani yake haikutofautiana sana na ya Allidina. Na kama ilivyokuwa karne moja kabla, matawi yalikuwa mengi, taa zilikuwa zinawaka, na rafu zilianza kuwa tupu pale waliokuwa wakikopesha bidhaa walipoacha kuamini kwamba watalipwa.

Shule ya Mombasa bado ipo. Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963 ilifungua milango kwa watoto wa kila asili, na wajukuu wa wapagazi na wa wenye maduka wameketi kwenye dawati moja. Huko Dar es Salaam, wauguzi wa Muhimbili wanaendelea kuwaelekeza wagonjwa Sewahaji. Katika yote ambayo tajiri yule na mfanyakazi wake waliwahi kuyamiliki, kuanzia marobota ya amerikani, pembe, majahazi, vinu, hadi madaftari ya madeni, hakuna hata kimoja kinachobeba majina yao leo. Majina hayo yanabebwa na vile viwili vilivyotolewa, hospitali na shule.